Pilipili: Fungu, Sado au Kilo?

Jero, yaani shilingi 500, ya pilipili inakupa gramu ngapi? Ukilijua jibu hilo, na ukajua sufuria yako inakula gramu ngapi, umeshamaliza sehemu kubwa ya hesabu ya pilipili kwa mwezi mzima. Wanunuzi wengi wa Shinyanga, Kahama na Geita hawajiulizi, maana pilipili ni kitu kidogo na kitu kidogo hakikaguliwi. Lakini anayepika kwa biashara hununua kitu hicho kidogo karibu kila siku ya mwaka, na hela humtoka kidogo kidogo bila kuonekana.

Ukanda huu unaijua gramu vizuri. Tangu soko la dhahabu la Geita lifunguliwe Machi 2019, mchimbaji mdogo anapeleka mzigo wake mezani, anasimama mbele ya mizani na kusoma namba mwenyewe. Hakuna anayeuza dhahabu kwa fungu. Ila mchimbaji huyo huyo akivuka barabara kwenda kwenye meza za mboga, iwe Katoro, Nyarugusu au Kakola, mizani haipo tena. Kuna fungu, kuna kisahani, kuna sado, kuna kiganja cha muuzaji. Anayelipa ndiye anayekadiria.

Tuanze na aina, kwa sababu bei ya kilo haikusaidii kitu kama hujui ni kilo ya nini.

Pilipili mbuzi, ile ya mviringo yenye mikunjo na harufu inayojaza nyumba, ikiwa ya ukubwa wa kawaida ina gramu 6 hadi 10. Kwa hiyo kilo moja ni pilipili 100 hadi 160 hivi. Pilipili kichaa ni ndogo mno, moja haifiki gramu, nyingi ni kama nusu gramu tu, hivyo kilo yake ni pilipili elfu moja na kupanda. Pilipili ndefu, nyembamba, ina gramu 5 hadi 12. Hoho ya wastani ina gramu 120 hivi, na kubwa hupita 160.

Ukali nao una kipimo. Mwaka 1912 mfamasia wa Marekani, Wilbur Scoville, alitunga njia ya kuupima kwa namba. Kwa kipimo hicho hoho ni sifuri. Pilipili ndefu za jamii ya keyeni huwa kati ya 30,000 na 50,000, kichaa huanzia 50,000 na kufika 100,000 au zaidi, na jamii ya pilipili mbuzi hutoka 100,000 hadi 350,000. Miche hutofautiana, na hata pilipili mbili za mche mmoja hazilingani, lakini mpangilio ndio huo. Maana yake kwa mfuko wako ni kwamba gramu moja ya mbuzi inaweza kufanya kazi ya gramu tatu au zaidi za pilipili ndefu. Ukiona pilipili ndefu inauzwa nusu ya bei ya mbuzi, usikimbilie kusema ni rahisi. Kwa ukali, mbuzi bado ndiyo nafuu.

Sasa lichukue fungu la jero ulifungue. Juu kuna mbili kubwa, nyekundu, zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Chini yake kuna tatu za ukubwa wa kati, moja imeanza kulegea. Ya sita, ile iliyoegemea meza, ina doa jeusi pale kikonyo kinapoingia, na ukiibonyeza kwa kidole gumba inaingia ndani. Zote sita pamoja ni gramu 45 hivi. Ile yenye doa ukiitupa, umebaki na gramu 38 kwa jero ile ile. Hapo hakuna aliyekuibia kwa nguvu. Umelipia sita ukapata tano.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, ongea. Lugha ya soko ni nyepesi: “Shikamoo mama, fungu la jero lina ngapi?” Atakuambia, “Marahaba mwanangu, sita, na moja nakuongeza.” Mjibu, “Asante mama, naomba na za chini nizione.” Muuzaji mwenye pilipili nzuri hatakataa. Na ile nyongeza si hisani ndogo: pilipili moja juu ya sita ni punguzo la karibu sehemu moja ya saba. Hakuna duka litakalokupa punguzo hilo kwenye sukari.

Bei ninazotumia hapa chini ni za kufanyia hesabu tu. Bei ya pilipili hubadilika kwa wiki, kwa hiyo weka ya soko lako, hesabu itabaki ile ile.

Fungu la 500 lenye gramu 45 ni sawa na shilingi 11,100 kwa kilo. Tuseme kilo kwenye mizani ni 6,000. Na tuseme sado ya pilipili mbuzi ni 8,000. Sado ni lita nne ikijazwa hadi ukingoni, lakini pilipili mbuzi ni tupu ndani, na kati ya moja na nyingine kuna hewa. Lita moja ya chombo hubeba gramu 300 hadi 350 tu. Sado iliyojaa wima inakupa kilo 1.2 hadi 1.4, siyo kilo nne, wala mbili. Kwa hiyo 8,000 ya sado ni shilingi 6,150 hivi kwa kilo, karibu sawa na mizani. Ikijazwa kwa kilima juu, sado inaishinda mizani. Ikiwa kitako chake kimebonyezwa ndani, au chini kumewekwa karatasi au majani, imeshindwa. Igeuze uitazame kitako kabla haijajazwa. Ni haki yako, na inachukua sekunde tatu.

Pilipili kichaa hujipanga vizuri zaidi ndani ya chombo kwa sababu ni ndogo, hivyo sado yake huwa na uzito kuliko ya mbuzi. Lakini vikonyo vyake vyembamba ni vingi, na kuvichambua ni kazi ya mikono ya saa nzima. Kama unamlipa msichana wa jikoni, hiyo ni gharama. Uliza bei ya zilizochambuliwa, ulinganishe.

Hoho usinunue kwa chombo hata kidogo. Kadiri hoho inavyokuwa kubwa ndivyo hewa inavyozidi. Inunue kwa idadi kama ni kubwa na nzito mkononi, au kwa mizani kama ni ndogo ndogo. Na kumbuka kwamba kikonyo, kiini na mbegu hula karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake. Kilo ya hoho ni gramu 800 za kuingia kwenye sufuria.

Ukishajua bei ya gramu, swali la pili ni unahitaji gramu ngapi. Hapa ndipo wapishi wengi hununua kupita kiasi.

Mama lishe anayeuza sahani 40 kwa siku anaweka chachandu mezani. Mteja mmoja huchukua kama kijiko cha chai, yaani gramu 5. Sahani 40 ni gramu 200 za chachandu. Chachandu ya kawaida ni sehemu moja ya pilipili kwa sehemu tatu za nyanya, kitunguu na karoti. Kwa hiyo pilipili yenyewe ni gramu 50 kwa siku: pilipili mbuzi sita au saba. Kwa siku sita za kazi ni gramu 300. Wateja wako wakiwa wachimbaji wa karasha na maduara ya dhahabu, wanaotaka jasho litoke, zidisha mara mbili. Bado hujafika kilo kwa wiki.

Muuza supu ni habari nyingine. Yeye huweka pilipili mbichi nzima na ndimu mezani, na kila bakuli hula nusu pilipili, mara nyingine nzima. Bakuli 60 za asubuhi ni pilipili 30, karibu gramu 240 kwa siku. Kwa wiki anakaribia kilo moja na nusu. Huyu ndiye mteja halali wa sado.

Familia ya watu sita inayopenda ukali mara tatu kwa wiki haimalizi pilipili tatu. Nusu pilipili mbuzi iliyokatwa kwenye sufuria ya maharage au dagaa inatosha, na nzima isiyopasuka kwenye mchuzi wa sato hutoa harufu bila kuwachoma watoto. Kwa familia hiyo hata fungu la jero ni kubwa. Omba za mia mbili, chagua mbili ngumu zenye kikonyo kibichi, uondoke.

Rudi sasa kwenye bei. Kama kilo ya 6,000 iko soko kuu na bodaboda ya kwenda na kurudi ni 2,000, kilo yako ni 8,000. Kwa bei ya fungu, hela hiyo inanunua gramu 720. Kwa hiyo usipotumia gramu 720 kabla hazijaoza, fungu la jirani limeshinda, japo bei yake ya kilo inaonekana mbaya. Kama ulikuwa unapita sokoni hata hivyo na nauli haihesabiki, mpaka unashuka hadi gramu 540. Yule mama lishe wa gramu 300 kwa wiki akinunua kilo na kuiacha ioze, amelipa 8,000 kwa kazi ya mafungu saba, yaani 3,500. Bei ya jumla ni tamu pale tu unapoweza kutumia au kuhifadhi kilichobaki.

Njia nzuri kwa wapishi wadogo ni kuchangia. Watatu wa mtaa mmoja wananunua kilo moja, mmoja anapanda bodaboda, wanagawana kwa uzito. Kila mmoja anapata gramu 330 kwa 2,670 hivi, badala ya 3,670 kwa mafungu. Akiba ya buku, yaani shilingi 1,000, kwa wiki, kwa kitu ambacho kingenunuliwa vyovyote vile.

Mtauliza mtagawana vipi bila mizani. Maji ni mizani. Nusu lita ya maji ina uzito wa nusu kilo. Tafuta mti mnyoofu wa urefu wa mkono, ufunge kamba katikati hadi ukae sawa ukiuning'iniza. Ncha moja funga mfuko wenye chupa yenye maji ya mililita 300. Ncha ya pili funga mfuko kama huo wenye chupa tupu ya aina ile ile, kisha ongeza pilipili polepole. Mti ukilala sawa, hizo ni gramu 300. Njia hii inakubainishia pia kama sado ya muuzaji wako ni ya kweli.

Kwa mizani ya muuzaji, tazama stika ya Wakala wa Vipimo. Wakala huu, ulioanzishwa mwaka 2002, ndio unaokagua mizani za biashara na kuzibandika alama. Kama stika ni ya miaka ya nyuma au haipo, jaribu mwenyewe: omba ipimwe pakiti ya chumvi au sukari iliyofungwa kiwandani, yenye uzito ulioandikwa. Mshale ukipita uzito huo kwa gramu 50, utazikosa gramu 50 hizo kila ukinunua.

Jikoni nako vipimo vya vijiko vinatosha kabisa. Pilipili mbuzi moja ya ukubwa wa kawaida ikikatwakatwa inajaza kijiko kimoja cha chakula. Kikombe cha robo lita cha pilipili iliyokatwa ni gramu 150 hivi. Kilo moja ikisagwa kwa blenda baada ya kuondoa vikonyo inatoa rojo la lita moja kasoro kidogo, karibu chupa mbili za nusu lita. Kijiko cha chai cha rojo hilo ni kama nusu pilipili hadi moja ndogo. Andika namba hizi kwa mkaa ukutani ukitaka, zitakuokoa siku umeagizwa chakula cha msiba au harusi cha watu 200. Kwa chachandu ya kijiko kimoja kimoja, watu 200 ni gramu 250 za pilipili. Robo kilo. Wapo wanaopeleka ndoo.

Matumizi yenyewe nayo yana hasara za siri. Ukali haukai kwenye mbegu. Umejaa kwenye ule utando mweupe wa ndani unaoshika mbegu. Anayekwangua utando na kuutupa ametupa alichokilipia. Tena ukali huyeyuka kwenye mafuta, hauyeyuki kwenye maji. Pilipili iliyokaangwa dakika moja na kitunguu kabla ya nyanya inasambaa sufuria nzima. Iliyotupwa kwenye mchuzi unaochemka inabaki pale ilipo, na mpishi anaongeza nyingine. Mikono ikiwaka, ipake mafuta ya kupikia kwanza, kisha sabuni. Maji matupu hayatakusaidia.

Gharama nyingine zimejificha kwenye malipo. Ukilipa kwa simu, uliza kabla ya kutuma kama bei inajumuisha makato ya kutolea. Kwenye manunuzi ya buku moja, makato yakiongezwa juu yanaweza kula ile nyongeza yote uliyobembeleza. Kwa pilipili, fedha taslimu bado ndiyo bora. Na muuzaji akizinyunyizia maji “zisinyauke”, umelipia maji kwenye mizani na umenunua uozo wa kesho kutwa. Chukua kavu.

Visingizio vya ucheleweshaji navyo vipime. Mzigo unaotoka Mwanza kuja Geita hausubiri tena kivuko tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025. Pilipili iliyolegea Geita mjini asubuhi haikuchelewa ziwani, imelala mezani. Omba bei ya jana yake. Jioni, muuzaji anapotaka kufunga meza, ndiyo saa ya kununua za kupika chachandu usiku huo huo au za kuanika kesho. Za kukaa wiki nunua asubuhi.

Sasa kuhifadhi. Pilipili nzima, kavu, kwenye kikapu kinachopitisha hewa kivulini, hudumu siku kadhaa hadi wiki. Kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa hutokwa jasho na kuoza haraka. Toa iliyooza kila siku, maana moja huambukiza nyingine.

Chachandu iliyopikwa na kuwekewa ndimu au siki na chumvi huchukua siku mbili tatu bila friji, ukitumia kijiko safi. Piga hesabu ya mkaa na mafuta kabla ya kusema umeokoa. Pilipili mbichi kuzilaza ndani ya mafuta na kuziacha kwenye joto kwa wiki nzima, acha kabisa: bakteria wa botulizimu hustawi mahali pasipo hewa, na sumu yao huua. Hakuna akiba ya shilingi inayostahili hatari hiyo.

Kuanika ndiko kunakofaa zaidi kwa jua la Shinyanga. Wakati wa kiangazi, Kishapu au Kahama, pilipili mbuzi iliyopasuliwa katikati hukauka kwa siku chache. Ianike kwenye chandarua juu ya kichanja, siyo chini kwenye vumbi, na iingize ndani usiku. Imekauka pale inapovunjika badala ya kupinda. Ikiingia unyevu huota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu. Iliyoota ukungu itupe, usiisage.

Uzito utakushtua. Zaidi ya kumi na saba kwa ishirini za pilipili mbichi ni maji. Kilo moja ya mbuzi inakuachia gramu 120 hadi 150 za kavu. Kichaa, yenye nyama nyembamba, inaacha zaidi. Kwa hiyo anayekuuzia kilo ya kavu kwa bei ya kilo mbili za mbichi, mwulize vizuri ni pilipili gani hiyo. Na kabla hujaanika, jua utasagia wapi. Mwenye mashine ya unga ana haki ya kukukatalia, kwa sababu anayefuata atapata unga wa ugali wenye moto. Kinu na mchi, au blenda ndogo, ndiyo njia iliyobaki.

Kijiko cha chai cha unga wa pilipili ni gramu 2 hivi. Ukiwa ni unga safi wa mbuzi, kijiko hicho kina kazi ya pilipili mbichi mbili. Pakiti ya gramu 50 kwa buku, kwa hesabu hiyo, ni sawa na gramu 375 za mbichi, na ingekuwa bei ya kutupa. Tatizo ni kwamba unga mwingi wa pakiti hutoka kwenye pilipili ndefu, isiyofikia hata nusu ya ukali wa mbuzi, na mwingine huchanganywa pumba au rangi. Tia kidogo kwenye glasi ya maji meupe: rangi ikitoka papo hapo na kuyafanya maji mekundu, au pumba zikielea juu, usirudi kwa muuzaji huyo. Kwa pakiti na chupa za dukani, tafuta alama ya TBS na tarehe ya mwisho. Chupa ya sosi ya pilipili soma orodha ya viungo: kinachoandikwa kwanza ndicho kingi, na mara nyingi ni maji au nyanya. Hiyo si mbaya, ila usiilinganishe na pilipili.

Unga una mahali pake pa wazi: kambini kwa wachimbaji. Rashi ya dhahabu ikitokea, watu wakamiminika porini ndani ya wiki moja, kila kitu mezani hupanda bei, na pilipili mbichi huwa ya kwanza kuadimika kwa sababu haivumilii safari ya pikipiki kwenye joto. Mpishi wa duara anayejua anaelekea huko abebe nusu kilo ya unga wake mwenyewe, kwenye chupa iliyofungwa vizuri. Kwa watu 40 inamtosha mwezi mmoja na zaidi.

Na huko kambini kuna jambo ambalo sitaki mtu alipuuze. Usiazime mizani ya dhahabu kupimia chakula. Wachimbaji wadogo wengi bado wanakamatisha dhahabu kwa zebaki, na mabaki yake hushika kwenye sinia, karai na mizani bila kuonekana kwa macho. Zebaki huharibu neva na figo, na mtoto aliye tumboni ndiye huumia zaidi. Vivyo hivyo ndoo na mapipa yaliyotoka kwenye mitambo ya kuchenjua, hata yakisuguliwa kwa sabuni, hata yakiuzwa nusu bei sokoni: hayo yalibeba sayanaidi na kemikali nyingine. Ndoo mpya ya kupikia inunue dukani kwa bei yake.

Kwa hela ya wiki hii, basi. Kama ni nyumbani, nunua pilipili mbuzi mbili tatu kwa idadi, usijali bei ya kilo. Kama ni mama lishe wa sahani 40, unahitaji theluthi ya kilo: changia na wenzako wawili, au chukua mafungu uliyoyakagua chini. Muuza supu, nenda na sado au mizani, asubuhi, na ukague kitako. Wa kambini, anika wakati wa kiangazi, kabla ya mvua za Novemba. Hoho iache hadi siku ya pilau. Kama unachotafuta ni ukali, kila shilingi ya hoho imepotea.

Na kwa halmashauri za Shinyanga, Kahama na Geita, zinazokusanya ushuru kwenye kila meza kila siku: wekeni mizani moja ya wazi kwenye lango la kila soko, yenye stika ya mwaka huu, ambayo mnunuzi yeyote anaweza kupimia mfuko wake bila kulipa. Muuza dhahabu ameshapata yake. Mnunuzi wa pilipili naye analipa ushuru ule ule, ndani ya bei.